Darubini ya 10x50 kutoka Kariakoo, nimeitumia nyumbani Bigwa kuanzia kiangazi mpaka vuli

Watu wengi wakisikia una darubini nyumbani wanaona ama unawinda ama unachungulia wake za watu, kwaiyo niseme mapema kabisa kwamba mimi hii nimeinunua kwa ajili ya mlima, mwezi na ndege, na jirani wangu wa nyuma ya ukuta alishakuja kuulizia kwa ukali kidogo, nikampa aangalie mwenyewe, siku hizi akiona nimetoka nayo anavuta stuli anakaa. Ni ile darubini ya macho mawili ya kushika mkononi, imeandikwa 10x50, jina la kampuni ni neno tu ambalo hata ukilitafuta intaneti hulipati. Muuzaji alianza laki na themanini, tukavutana wee tukaishia laki na ishirini pamoja na mkoba, mkanda wa shingoni na kitambaa cha kufutia.

Nakaa Bigwa, Morogoro, milima ya Uluguru iko hapo juu yangu.

Sasa hizo namba, maana ndio watu wanapopigwa. 10 ni kwamba inakuza mara kumi, 50 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 50 kwa 10 unapata 5, hizo ni milimita za mwanga unaotoka nyuma kuingia kwenye jicho, na gizani mboni ya mtu mzima inafunguka hapo hapo kwenye 5 mpaka 7 hivi, kwaiyo hakuna mwanga mwingi unaopotea. Kwenye mambo ya usiku kinachotafutwa ni mwanga, kukuza ni baadae. Ukichukua inayokuza sana mkono wako ukitetemeka kidogo tu nyota inacheza sindimba, hata kumi yenyewe ni ya kubana viwiko kifuani na kuegemea ukuta, ama ulale chali kwenye mkeka. Mimi nalala kwenye mkeka, shingo haina deni na mtu.

Nianze na hali ya hewa kwa sababu ndio kazi inayoifanya kila siku. Kilele cha Lupanga kiko juu ya mji, kina zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa kutoka Bahari ya Hindi ukifika pale unapandishwa, unapoa, wingu linazaliwa hapo hapo ukiangalia. Kwa macho ya kawaida unaona tu mlima umevaa kofia. Kwa darubini unaona wingu linavyotambaa kwenye mabonde, unaona mvua ikinyesha upande mmoja kwenye msitu wakati mashamba ya chini yako kwenye jua, na unajua una muda gani wa kuanua nguo. Upande wa mashariki wa Uluguru ndio unaopata mvua nyingi, upande wa magharibi ni mkavu zaidi, na maji ya mlima huu ndio yanayoenda kwenye mto Ruvu ambao watu wa Dar wanaunywa, kwaiyo nyie wa Dar mkiona tunaangalia mlima msidhani hatuna kazi. Radi zikianza naacha darubini naingia ndani, nahesabu sekunde kutoka mwanga mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, ikifika sita kushuka chini watoto wote ndani na televisheni inachomolewa.

Taarifa za TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, nafuatilia vilevile, zile za msimu wa vuli na masika na zile za kila siku, siwezi kusema darubini inachukua nafasi yake maana mwaka 2024 mwezi wa tano kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia hakuna mtu angekiona kwa kusimama uani. Ila kwa swali la "je hapa kwetu inanyesha ndani ya nusu saa hii", mlima na darubini vinanitosha.

Usiku sasa. Hapa nimshukuru mama yangu, alikuja kukaa kwetu toka kijijini vuli yote na mimi nilikua najifanya mtaalamu, nina programu ya Stellarium kwenye simu, inaonyesha kila nyota hata kama huna bando. Nikamwambia mama njoo uone kitu kinaitwa Pleiades. Akaangalia juu bila darubini, akasema "Mwanangu, si Kilimia hiyo." Nikasema ndio mama. "Sasa ya nini kuniita kwa jina la kigeni, hiyo tumelimia toka nikiwa msichana." Alafu akanipa ule wa wahenga, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na kweli ukifuatilia, Kilimia inazama magharibi mapema jioni mwishoni mwa mwezi wa nne, masika ikiwa bado ipo, alafu haionekani kabisa mwezi wa tano kwa sababu iko upande wa jua, inakuja kutokea mashariki alfajiri mwezi wa sita ambapo huku kwetu kushakauka. Nikampa darubini. Kwa macho anahesabu sita, saba macho yakiwa mazuri, kwa 10x50 ni nyota nyingi mno zinajaza kioo, zina rangi ya ubluu flani hivi. Alikaa nayo mpaka nikaanza kuona aibu kumwomba. Kwa kweli kama ningekua nataka nyota moja tu ya kuuzia hii darubini ningechagua Kilimia, maana iko pana, teleskopu kubwa inakuonyesha kipande tu lakini hii inakupa yote kwa mara moja.

Januari 2026 sayari ya Mshtarii (Jupiter) ilikua inachomoza jua likizama, inang'aa kuliko nyota yoyote. Egemeza darubini kwenye kona ya ukuta utulie, utaona kiduara kidogo cheupe na vinukta pembeni vimepangana kwenye mstari. Hiyo ni miezi yake minne mikubwa, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kesho yake ukiangalia vimehama, maana Io peke yake inazunguka chini ya siku mbili. Mwanangu wa darasa la tano alichora kwenye daftari kila jioni mpaka mawingu yakamkatisha, na siku nyingine anaona vitatu tu anauliza kimoja kimeenda wapi, unamwambia kiko mbele au nyuma ya sayari, anakuangalia kama unamdanganya.

Sayari ya Zohali (Saturn) usijidanganye. Kwenye boksi wameweka picha ya Zohali na pete zake safiii kama pambo la harusini, kwa kukuza mara kumi pete hazionekani, unaona tu nyota imevimba kidogo. Kuziona pete vizuri unahitaji kuanzia mara 25 kwenda mbele na kitu cha kuishikilia, na hapo ndio unaingia kwenye bei nyingine.

Mwezi ni kila mtu anaupenda lakini watu wanaangalia siku mbaya. Mwezi mpevu ni mwanga mtupu, unaumiza jicho na hauonyeshi kitu. Angalia ukiwa nusu, pale mpaka wa mwanga na giza ulipo, ndio mashimo yanajitokeza na vivuli vyake. Ila mwezi mpevu una siku yake, tarehe 7 Septemba 2025 ulipatwa wote, kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka karibu saa nne kasoro ulikua mwekundu kabisa, na huku kwetu ulikua juu vizuri tu. Ule wekundu ni mwanga wa jua unaopenya kwenye hewa ya dunia na kupinda kuingia kwenye kivuli. Mtaa mzima ulitoka. Kwa darubini mwezi unaonekana ni tufe, yani mviringo wa kweli, na nyota ndogo zinatokea pembeni yake ambazo siku zote zinafunikwa na mwanga wake.

Umeme ukikatika ndio sherehe. Upande wa kusini, kwenye miezi ya mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka, kuna mawingu mawili ya Magellan, sio mawingu ya mvua ila ni galaksi, yani makundi makubwa ya nyota za mbali, yanaonekana kama moshi mdogo umesahaulika angani, watu wa Ulaya hawayaoni kabisa mpaka wasafiri kuja kwetu. Sisi tunayo chini kidogo ila yapo, kama mlima hauko upande huo. Kwangu mlima uko upande huo hasa, kwaiyo mpaka niende kwa shemeji Dumila ndio naona vizuri. Kaskazini kuna galaksi ya Andromeda, kidoa cha ukungu, mwanga wake umesafiri miaka milioni mbili na nusu, na umeme ukirudi tu mwanga wa taa ya kwa jirani unaifuta.

Wanyama. Hapa nilitarajia kidogo nikapata zaidi. Hondohondo wanakuja kwenye mwembe wa jirani wanapiga kelele, mwewe anazunguka juu ya banda la kuku na kwa darubini unamuona anavyokunja mkia kugeuka na anavyokagua vifaranga wa mke wangu. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha kumbikumbi wanatoka, na hapo anga inajaa, mbayuwayu, mwewe, na kuna vipanga wadogo wanaitwa Amur falcon ambao wanatoka mashariki ya Asia, wanavuka Bahari ya Hindi, wanapita kwetu Novemba na Desemba wakienda kusini mwa Afrika. Miguu yao ni myekundu, hiyo bila darubini huioni. Usiku komba analia kwenye miti, ukimmulika kwa tochi macho yanawaka alafu anaruka, hapo darubini inasaidia kama tochi ameshika mtu mwingine, peke yako huwezi mikono haitoshi.

Kasoro sasa, na zipo. Kwanza haioni karibu. Kitu kikiwa chini ya mita saba hivi kinakua ukungu, kwaiyo chozi akija kunyonya maua ya dirishani nabaki kumuangalia kwa macho yangu aliyonipa Mungu, au nirudi nyuma mpaka jikoni. Mtu anayetaka vipepeo na ndege wa bustanini achukue 8x32 au 8x42. Pili ni nzito, inakaribia kilo, mkanda waliokupa unakata shingo, nimeutupa nikaweka wa begi la zamani. Tatu pembeni mwa picha nyota zinavutika, katikati ni safi. Nne ile mipira ya machoni ni migumu, kama unavaa miwani ikunje kwanza, mama alikua analalamika haoni kumbe ilikua imesimama. Tano sio ya kuzuia maji na Morogoro unyevu wetu mnaujua, lenzi zinaota ukungu wa kuvu ndani na hapo hakuna fundi wa kukusaidia, mimi naiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokujaga ndani ya maboksi ya viatu.

Na jua. Usiangalie jua kwa hii kitu hata sekunde moja, hata kama linazama, hata kama kuna wingu. Mwaka 2016 jua lilipopatwa kipete, yani likabaki kama pete, kule Rujewa watu walipewa miwani maalum, na hata hiyo miwani haitumiki nyuma ya darubini, inatoboka. Tarehe 2 Agosti 2027 jua linapatwa tena, kivuli kizima kinapita Misri, Saudia, Yemen mpaka ncha ya Somalia, wa kaskazini mwetu na Wakenya mtaona kipande. Siku hiyo darubini ifungieni kabatini watoto wasiiguse.

Kwa anayetaka kununua, nenda mchana na ukatae kuipimia ndani. Pale nilikonunua kulikua na nyingine nyingi zimeandikwa 90x90, 60x60, lenzi nyekundu zinang'aa, kijana anasema hizi ndio za wanajeshi. Lenzi yake ukipima haifiki hata sentimita tatu na nusu, sasa hiyo 90 imetoka wapi. Na ule wekundu unarudisha mwanga nje, picha inakua hafifu ya kijani kijani. Chukua yenye rangi ya zambarau au kijani iliyofifia kwenye kioo. Toka nje angalia kona ya ghorofa la mbali, rekebisha katikati kwa jicho la kushoto, alafu zungusha kile kipete cha jicho la kulia mpaka nalo liwe safi. Ukiona picha mbili au macho yanavutwa, vioo vya ndani vimehama, rudisha, usikubali kuambiwa utazoea. Alafu ishike mbali na uso uielekeze angani kusiko na jua, angalia vile viduara viwili vya mwanga, vikiwa mviringo kamili ni nzuri, vikiwa vimekatwa kwenye kona ni daraja la chini kidogo. Yangu vimekatwa kidogo na ndio maana nilishusha bei mpaka pale, yenye mviringo kamili andaa laki mbili.

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimekata kwa sababu ya mkanda na picha ya Zohali kwenye boksi.