Besi ya bei nafuu ukiwa Dodoma: ipi ununue, nini ubadilishe

Gitaa langu la kwanza la besi nililinunua Kariakoo mwezi wa nne, masika yamekolea, mitaa imejaa madimbwi. Rangi ya bluu, inang'aa, shingo laini kama imepakwa mafuta. Mwezi wa nane, nikiwa Dodoma katikati ya ibada, nikateremka kwa kasi kutoka noti za juu kurudi kichwani, kisha nikaona michirizi myekundu kwenye gitaa. Ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zilikuwa zimetokeza pembeni mwa shingo kama meno ya msumeno, zikanichana kidole cha shahada. Gitaa lenyewe lilikuwa zima. Mbao zilikuwa zimekauka zikasinyaa, na chuma cha freti kikabaki na urefu wake uleule.

Ndiyo maana orodha yangu inatofautiana kidogo na ya mpiga besi wa Dar. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mwaka ugeuke. Chombo cha mbao kilichozoea unyevu wa pwani kikipanda huku lazima kijikunje. Kwa hiyo mimi naanza na shingo. Pikapu, yaani sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, hubadilishwa, funguo za kukazia nyuzi hubadilishwa, rangi unaweza kuipiga upya kwenye gereji ya magari. Shingo iliyojipinda ukishainunua ni yako mpaka uzeeke nayo.

Sisi wa huku wengi tunaifuata besi Dar, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari hiyo ni ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ukifika utapokelewa na winga kabla hujaliona duka.

"Bosi wangu, hii Fender orijino, imetoka Marekani. Nikufungie?"

"Kaka, nipe kwanza waya na ampu niisikie."

"Ah, umeme umekata hapa bosi, ila sauti yake ni ya kwenye CD kabisa."

Fender iliyotengenezwa Marekani huuzwa hukohuko kwao kwa zaidi ya dola 1,000. Ukiambiwa laki tatu na nusu, hata kama maandishi ya kichwani yamenyooka, unajua unachouziwa. Si lazima uikimbie, maana kopi nyingine zina shingo nzuri tu. Usilipie jina.

Na umeme ukikatika kweli, bado mengi unaweza kuyapima. Shika besi kama mtu anayelenga bunduki, kichwa cha gitaa karibu na jicho, utazame kuelekea darajani, kule nyuzi zinakofungwa kwenye mwili. Freti ya kwanza na ya mwisho ziwe sambamba. Moja ikiwa imelala upande kama kitanda kilichokatika mguu, shingo imejipinda, rudisha ukutani. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie freti ya saba au ya nane: kati ya uzi na chuma pawe na upenyo mdogo wa kupitisha kadi nyembamba, kama milimita 0.3. Ukiona pengo la kuingiza sarafu, au uzi umelala kabisa juu ya chuma, mwombe muuzaji alete alenki ageuze kile chuma kilichomo ndani ya shingo. Kikigeuka, vizuri, hilo ni jambo la kurekebisha. Kikigoma, aga kwa heshima. Mwisho pitisha kidole gumba taratibu kando ya shingo, kuanzia juu mpaka chini. Kama freti zinakwaruza tayari ukiwa Dar kwenye unyevu, Dodoma zitakukata.

Umeme ukirudi, gonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi usikie kama inaitika, zungusha vitufe vyote, tikisa waya kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea. Mikoromo ya vitufe isikutishe. Mara nyingi ni vumbi tu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme inalitoa.

Haya, mpangilio wangu ni huu.

Namba moja: Yamaha TRBX174

Jina ni lilelile la kinanda cha kanisani na la pikipiki. Besi hii haina betri, ina nyuzi nne, urefu wa kawaida wa inchi 34 kutoka kichwani hadi darajani, na pikapu mbili za aina tofauti: ile iliyogawanyika vipande viwili na ile nyembamba karibu na daraja. Marekani mpya huuzwa dola 200 na kitu. Naiweka juu kwa sababu moja tu. Katika besi za bei hii nilizowahi kuzishika, za Yamaha ndizo nilizozikuta zimenyooka mara nyingi zaidi, hata zile za mtumba zilizopita mikono ya kwaya tatu. Sauti yake haina maajabu. Inakaa vizuri chini ya sebene, inakaa vizuri chini ya tenzi, basi.

Namba mbili: Squier aina ya Precision

Squier ni jina la Fender la bei ya chini. Precision yenyewe ilitoka mwaka 1951, na mwaka 1957 ikapewa pikapu iliyogawanyika vipande viwili, kila kipande kikibeba nyuzi mbili. Vipande hivyo vimesukwa ili mvumo unaoingia kwa hiki ufutwe na unaoingia kwa kile. Kwa sisi tunaopiga kwenye kumbi ambazo waya wa ethi haujulikani ulikoishia, huku tyubu laiti zinalia juu ya kichwa, hili ni jambo kubwa kuliko wanavyolieleza wauzaji. Nimewahi kupiga besi ya pikapu nyembamba moja kwenye harusi, bibi harusi akauliza nani kawasha mashine ya kusaga.

Kama nia yako ni kununua kisha kuichokonoa, basi hii ndiyo namba moja yako. Sauti kitufe kimoja, toni kitufe kimoja, fundi redio yeyote ataielewa akishafungua, na vipuri vya umbo hili viko duniani kote. Zipo za toleo la Sonic na za toleo la Affinity. Affinity nyingi zina pikapu mbili kama ile Yamaha. Kwa mtoto, au mtu mwenye mkono mfupi, ipo Squier Bronco ya inchi 30. Usione haya kuinunua.

Namba tatu: Ibanez GSR200

Nyepesi, shingo nyembamba, vidole vinakimbia. Vijana wanaipenda na wana haki. Nimeishusha kwa sababu mbili. Kwanza, wembamba wa shingo: kwa uzoefu wangu zile nyembamba ndizo zinazohangaika zaidi kiangazi kikiingia. Pili, ina saketi ya kuongeza uzito wa sauti inayokula betri ya volti 9. Betri hizo huanza kuliwa pale unapochomeka waya kwenye gitaa, upige usipige. Kwaya ikizoea kuacha waya umechomekwa, siku moja mazoezini mtalaumiana. Ukiinunua, chomoa waya kila mara, na betri ya akiba ikae kwenye mfuko wa gitaa.

Namba nne: kopi isiyo na jina

Kama mfukoni una kiasi cha kopi tu, nunua kopi, lakini uipime shingo kwa ukali mara mbili ya nilivyosema na utenge fedha za kuirekebisha. Ile yangu ya bluu ilikuwa ya kundi hili. Ninayo mpaka leo.

Namba ya mwisho: kopi ya nyuzi tano

Najua hapa nitagombana na watu. Mpiga besi wa kwaya anaitaka noti ya B ya chini, na akiona nyuzi tano kwa bei ya nne anadhani ameokota. Kwenye kopi nyingi uzi ule wa tano unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, unasikia mngurumo lakini noti huioni. Ukiihitaji B, nunua seti ya nyuzi tano, zile zilizoandikwa unene wa 45 hadi 130, ufunge zile nne nene kwenye besi nzuri ya nyuzi nne: B, E, A, D. Uzi mwembamba unaubakiza kwenye pakiti. Mifereji ya ile nati ya kichwani, kipande ambacho nyuzi hupita juu yake, itabidi ipanuliwe kidogo kwa tupa ndogo ya mviringo, na chuma cha shingo kirekebishwe kidogo maana mvuto wa nyuzi utakuwa umebadilika. Nimepiga hivyo miaka miwili bila mtu kujua.

Kuagiza mtandaoni kutoka nje sikupendekezi kwa besi ya kwanza. Kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na shingo huwezi kuitazama kabla hujalipa.

Umeifikisha nyumbani. Usifanye kitu wiki mbili. Iache izoee hewa, mbali na dirisha na mbali na chumba ambacho bati halina dari. Ndani ya mfuko wake weka kisanduku cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa mpaka haidondoshi. Kiangazi naiangalia kila Jumamosi. Ni kazi ya dakika mbili, na tangu nianze sijachanwa tena.

Baada ya hapo, shingo. Kiangazi mara nyingi inajinyoosha kupita kiasi au inaegemea nyuma, nyuzi zinashuka, zinagonga freti. Marimba yetu ya Kigogo hupendeza kwa ule mvumo wa utando wa buibui, mtu akaulipia kabisa kuusikia. Besi ikivuma hivyo ni ugonjwa. Legeza chuma cha ndani, yaani kinyume na saa, robo mzunguko tu, piga, subiri mpaka kesho, kisha pima tena kwa kadi. Mvua zikirudi shingo inajikunja mbele, unakaza robo. Aliyewahi kukata chuma hicho atakuambia alizungusha mzunguko mzima kwa hasira. Kisha pandisha au shusha nyuzi darajani mpaka freti ya 12 pawe na milimita 2 hadi 2.5 kati ya uzi na chuma.

Ncha za freti nazo utaziweza mwenyewe. Bandika tepu ya karatasi kwenye mbao kati ya freti na freti, shika tupa laini kwa mteremko, sukuma upande mmoja tu bila kurudisha, halafu malizia na msasa namba 400 na 600. Mimi nilikaa kibarazani Nkuhungu kutwa nzima na kopi yangu. Jirani akapita, akanisalimu "mbukwa", akatazama, akauliza kama ninanoa gitaa. Nikamjibu ndiyo.

Nati ya plastiki ni ya pili kubadilisha, na hapa tuna bahati, maana ng'ombe tunao. Omba mfupa mgumu wa paja buchani, uuchemshe, uukwangue, uuache ukauke vizuri, fundi wa mbao aukate kwa vipimo vya ile ya zamani. Noti za uzi usiobanwa zinatoka wazi zaidi. Kwa bei ya supu, sijaona badiliko linaloshinda hilo.

Nyuzi mpya zinafanya zaidi ya pikapu mpya. Ukikosa fedha, zichemshe zile za zamani kwenye sufuria dakika kumi, zikaushe kabisa, uzirudishe. Mng'ao unarudi kwa siku kadhaa, za kutosha kwa mkesha mmoja. Sufuria iwe yako, nisije nikasababisha ugomvi jikoni.

Umeme wa ndani ni kazi ya fundi redio mwenye mkono mzuri wa lehemu. Mwambie abadilishe jeki kwanza, kisha vitufe kama vinakatakata: potensiometa za kilo-omu 250 kwa pikapu za aina hizi, na kapasita ya toni iliyoandikwa 473, ambayo ni mikrofaradi 0.047. Hiyo kapasita anayo kwenye kopo lake, pengine atakupa bure. Kwa mvumo, bandika tepu ya shaba ndani ya shimo la vitufe, na vipande vyake vyote viunganishwe na waya wa ethi wa gitaa. Foili ya jikoni haishiki lehemu, msihangaike nayo.

Pikapu mpya mimi ningeiacha mpaka mwaka wa pili.

Na usichomeke besi kwenye sabufa ya sebuleni. Uzi wa E ukiachiwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na mpigo wa kidole unafika kwa kishindo ambacho muziki uliorekodiwa, uliokwisha kulainishwa, hauna. Spika inapasuka pembeni, halafu unaambiwa besi yako mbovu. Nyumbani tumia miksa ndogo na hedifoni. Kanisani pita kwenye kiboksi cha DI, kile cha kuunganishia gitaa na miksa, kwenda kwenye miksa kubwa, na waya wa akiba uwe nao, kwa sababu wa kanisa daima una mtu aliyeukanyaga.