Kununua Picha ya Nyuzi ya Wawixárika: Ipi Itangulie

Wawixárika, ambao wengi huwaita Wahuichol, wanaishi katika milima ya Sierra Madre Occidental nchini Meksiko, hasa katika majimbo ya Jalisco, Nayarit na Durango. Picha zao za nyuzi, yaani nyuzi zilizobandikwa kwa nta juu ya ubao, zimetokana na nierika, kibao cha nadhiri kinachowekwa mahali patakatifu, na ndiyo maana naona kigezo kikuu cha kuzipanga ni kama mnunuzi anaweza kujua msanii alikusudia kusema nini.

Nafasi ya kwanza naipa picha iliyotiwa saini na kuandikwa maelezo nyuma kwa mkono wa msanii. Bila maelezo hayo, mgeni ataona kulungu, mahindi na hikuri, yaani peyote, kama mapambo matatu tofauti, ilhali kwa Wawixárika vitu hivyo vitatu ni kimoja: mahujaji wanaofika Wirikuta, jangwa la San Luis Potosí, hulipiga hikuri la kwanza kwa mishale kana kwamba wanawinda kulungu. Kulungu huyo wa buluu, Kauyumari, ndiye mjumbe baina ya miungu na mara'akame, kiongozi wao wa ibada. Kazi za José Benítez Sánchez, msanii wa picha hizi aliyefariki mwaka 2009, zimo katika makumbusho. Ukiuziwa yenye jina lake kwa bei ya kutupa, itilie shaka.

Ya pili ni kibao kidogo chenye alama moja. Masimulizi yake ni machache, lakini kwa mwenye bajeti ndogo ni ununuzi wa haki.

Ya tatu ni picha ya zamani ya sufu nene, nzuri mno, ila nta yake huenda imekauka na nyuzi zikaanza kubanduka. Picha iliyochapwa kwa mashine isihesabiwe kabisa.

Kabla ya kulipa, inamisha picha kwenye mwanga. Uzi ufuate umbo la kila kiumbe, mstari ukigusana na mwenzake, wala ubao usionekane katikati. Kinachoushika uzi ni nta ya nyuki, mara nyingi iliyochanganywa na utomvu wa msonobari, kwa hiyo usiiache picha ndani ya gari juani. Ukinunua kwa msanii mwenyewe na nyuma hakuna maandishi, mwombe akutajie kila umbo, kisha uandike maelezo hayo hapo hapo mbele yake.