Uzoefu wangu na Canon 10-18mm: lenzi pana ya bei nafuu kwa picha za mandhari

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye lenzi hii. (Lenzi pana ni ile inayoingiza eneo kubwa kwenye picha, na milimita zikiwa chache ndivyo inavyozidi kuwa pana.) Canon walipoitoa EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM mwaka 2014, Marekani iliuzwa dola 299, huku ile ya zamani yao, 10-22mm, ikiwa bado inauzwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Yangu niliinunua ikiwa imetumika, laki nne na ushee, pamoja na vifuniko vyake vya mbele na nyuma. Naifunga kwenye 700D, kamera ambayo watu wengi walianza nayo na wengi wanaiuza sasa hivi ili wahamie kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless). Mimi bado nipo nayo, na sababu mojawapo ni lenzi hii.

Ukiuliza kwenye makundi ya wapiga picha ununue lenzi gani pana, utaambiwa tafuta yenye f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, kitundu cha lenzi ni kikubwa na mwanga unaingia mwingi). Ushauri huo unamfaa mpiga picha wa harusi, anayehangaika na giza la ukumbi na watu wasiotulia. Mlima hauchezi mduara. Kwa mandhari utafunga kitundu cha lenzi hadi f/8 au f/11 ili majani yaliyo miguuni pako na kilima cha mbali vyote vionekane vizuri, na ukishafika f/8 ile f/2.8 uliyoilipia haina kazi. Hela hiyo ingekununulia stendi nzuri, filta, na nauli ya basi kwenda Lushoto na kurudi.

Niliilinganisha na nyingine kabla ya kutoa hela. Tokina 11-16mm f/2.8 ni chombo kizuri na kigumu, lakini ina zaidi ya nusu kilo, na jua likiingia ndani ya picha inatoa madoa ya mwanga na kingo za zambarau. Samyang 14mm f/2.8 inasifiwa sana na wanaopiga nyota, ila fokasi yake ni ya mkono, kioo chake cha mbele kimevimba kiasi kwamba huwezi kufunga filta ya kawaida, na kwenye kamera yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo kama yangu milimita 14 si pana tena kivile. Canon 10-22mm ndiyo iliyonishika zaidi. Ina gramu 385 na kitundu chake ni kikubwa zaidi kidogo, lakini haina kitulizi cha mtikisiko, na hata zilizotumika wenye nazo hawataki kushusha bei. Hii 10-18 ina gramu 240 tu. Panda kwa miguu kutoka Morogoro mjini hadi Morningside, ule mlima wa Uluguru ukiwa umekukazia magoti, utajua gramu 240 maana yake nini.

Angalizo kwa asiyezoea majina ya Canon: EF-S ni lenzi za kamera zenye sensa ndogo pekee. Kwenye 6D au 5D, zenye sensa kubwa, haifungi kabisa. Kwenye kamera mpya za EOS R inafungwa kwa adapta, lakini ukiwa na zile zenye sensa kubwa, kamera itakata picha yenyewe na kukupa kipande cha katikati tu. Mwenye R50 au R10, zenye sensa ndogo, atazame RF-S 10-18mm iliyotoka 2023, yenye gramu 150. Mtu wa Nikon naye ana ndugu wa lenzi hii, AF-P DX 10-20mm VR ya mwaka 2017, lakini ahakikishe kwanza kama bodi ya kamera yake inakubali lenzi za aina ya AF-P, kwa sababu Nikon kadhaa za zamani haziendeshi fokasi yake.

Sasa kazi yenyewe. Mahali palipoifanya lenzi hii ijilipe ni Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa ukielekea Mbeya. Watu wengi wanapajua kwa zana za mawe za kale, lakini mpiga picha anashuka korongoni kwenye zile nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na maji. Ukiwa kule chini mgongo wako uko karibu na ukuta mmoja na nguzo iko mbele yako, huna pa kurudi nyuma. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera inakupa nguzo bila kichwa au nguzo bila miguu, chagua. Nikafunga 10-18, nikageuza kamera wima, nikaishusha hadi karibu igote mchanga, nguzo nzima ikaingia, anga ikaingia, na mbele kabisa ile michirizi iliyoachwa na maji ya mvua kwenye mchanga ikawa njia inayompeleka mtazamaji moja kwa moja kwenye nguzo. Skrini ya 700D inageuka, kwa hiyo sikuwa na haja ya kulala kifudifudi. Suruali ilichafuka hata hivyo.

Hapo hapo utaona na tabia ya lenzi pana isiyosamehe. Ukiinua pua ya kamera juu kidogo, nguzo zote zinaegemea ndani kana kwamba zinataka kuangukiana. Wakati mwingine inapendeza, mara nyingi inaudhi. Dawa yake ni kuishika kamera sawasawa, kuwasha mistari ya gridi kwenye skrini, kisha kukubali kwamba sehemu ya chini ya picha itakuwa na ardhi nyingi na kutafuta kitu cha kuijaza.

Na hilo ndilo ninalotaka mnunuzi alijue kabla hajatoa hela: lenzi pana ni ya vitu vya karibu. Watu wanadhani kwa sababu mandhari ni kubwa basi lenzi pana itaibeba yote kwa ukubwa wake. Jaribu kuipiga Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kutoka Moshi mjini kwa milimita 10. Mlima wa mita 5,895, mrefu kuliko yote Afrika, unabaki kichuguu katikati ya picha, na robo tatu zilizobaki ni nyaya za umeme na mabati. Kwa picha hiyo 55-250, lenzi ya kuvuta vya mbali, ndiyo yenyewe. Pale Irente, Lushoto, pia ni vivyo hivyo. Ukisimama ukingoni ukapiga nyika ya chini kwa milimita 10, unapata mstari wa ukungu na anga kubwa tupu. Rudi nyuma hatua chache, weka lile jiwe la ukingoni lenye kuvu za njano karibu na kioo, umpate na mtu aliyekaa pembeni, ndipo kina cha lile bonde kinaonekana. Inasogea hadi sentimita 22 kutoka kwenye kitu na bado inashika fokasi, basi usiogope kukaribia. Kwa milimita 10 na f/8, ukiweka fokasi kwenye kitu kilicho kama mita moja mbele yako, kuanzia nusu mita hivi hadi upeo wa macho kote kunatoka safi. Habari ya kupiga picha mbili tatu za fokasi tofauti na kuziunganisha kwenye kompyuta nimeisahau.

Kuhusu ubora wa picha, sitaki kukuchosha na chati. Katikati ni kali tangu kitundu kikiwa wazi. Pembeni kwa milimita 10 panalegea kidogo ukiacha wazi, ukifunga f/8 panakaa vizuri kiasi kwamba kwenye chapa ya A3 mtu atahitaji kuambiwa atazame wapi. Usipitilize f/11 bila sababu, kwa maana ukifika f/16 picha nzima inaanza kulainika, na hiyo ni fizikia ya mwanga, wala si kosa la lenzi. Kona zina kivuli na mistari ya ukingoni inapinda, lakini programu nyingi za kusafisha picha zina wasifu wa lenzi hii na zinayanyoosha yote kwa kubofya mara moja. Jua la moja kwa moja inalistahimili kuliko nilivyotarajia kwa bei yake.

Kitulizi ndicho kilichonishangaza. Canon wanasema kinasaidia hatua 4 za shata, na kila hatua ni kuiacha shata wazi mara mbili ya muda wa awali. Kwa mikono yangu, nikiegemea mti, robo ya sekunde inatoka safi mara nyingi kuliko inavyoharibika. Maporomoko ya maji ndani ya msitu, ambako mwanga ni hafifu na ardhi ni utelezi, nimepiga maji yakitoka laini kama yanavyotakiwa bila kufungua stendi. Stendi bado naibeba, ila si kila mara inatoka kwenye begi.

Kasoro zipo. Pete ya nyuma inayoingia kwenye kamera ni ya plastiki. Wanaoiogopa ni wengi, yangu haijalegea, lakini siishiki kamera kwa kuning'iniza lenzi, na wewe usifanye hivyo. Hakuna mpira wa kuzuia vumbi wala maji. Upande wa pwani hilo ni jambo. Nilipokwenda Jambiani, Zanzibar, kupiga mashamba ya mwani, maji yamekupwa, bamvua, zile safu za vijiti na kamba zimeachwa wazi zikikimbilia baharini, upepo ulikuwa unaleta chumvi ambayo huioni mpaka ukitazama kioo kwa upande. Filta ya kinga mbele na kitambaa chenye unyevu kidogo baada ya kazi, basi. (Na wale akina mama wa mwani, waamkie na uombe kwanza. Wamechoka kupigwa picha na watu wanaopita bila hata shikamoo.)

Kasoro inayonikera zaidi ni pete ya fokasi. Haijaunganishwa na kioo moja kwa moja, inaendeshwa na mota, kwa hiyo kamera ikisinzia unaizungusha na hakuna kinachotokea. Halafu haina kile kidirisha cha kuonyesha umbali. Mchana hujali. Usiku, ukitaka kuweka fokasi kwenye nyota, unabaki unapapasa kwenye skrini, unaikuza taa ya mbali, unasogeza, unaomba Mungu usiiguse tena. Ukijumlisha na f/4.5, hii siyo lenzi ya Njia ya Maziwa. Picha nimezipata, lakini kwa ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) ya juu yenye chenga ambazo sizitaki. Kama nyota ndizo zinazokupeleka porini, ile Samyang ina haki yake, na hapo f/2.8 ina kazi ya kweli.

Filta ni za milimita 67, bei yake ni nafuu kuliko za 77 ambazo Tokina na 10-22 zinadai, na tofauti hiyo huhesabiwa na wachache wakati wa kupiga hesabu. Nunua nyembamba, nene inaonekana kwenye kona. Ile ya kupunguza mwanga inafanya kazi vizuri kwa mawimbi. Ile ya kukoleza anga, kwa upana huu, itakupa anga yenye bluu nzito upande mmoja na iliyopauka upande mwingine, na hakuna programu inayolisawazisha hilo bila jasho. Mimi naitumia kwenye majani yaliyolowa tu.

Najua kuna atakayesema simu yake ina ile kamera pana ya 0.5 na inapiga pana zaidi. Ni kweli. Milimita 10 kwenye 700D ni sawa na 16 kwa kipimo cha sensa kubwa, na simu nyingi za sasa zinafika kama 13. Kama picha zako zinaishia Instagram mchana wa jua kali, baki na simu, sina ugomvi. Tofauti utaiona kwenye vivuli wakati wa machweo, ukijaribu kuvifungua simu inakupa uji wa rangi, na utaiona siku mteja atakapotaka picha ya ukutani.

Ukienda kununua iliyotumika, usione haya kuikagua mbele ya muuzaji. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, upitishe mwanga kutoka nyuma na utazame kwa mshazari. Fangasi zinaonekana kama nyuzi za utando au theluji iliyosambaa, na kwa joto na unyevu wa Dar si jambo geni. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa nazo kwenye kioo cha ndani, muuzaji akasema ni vumbi tu, nikamrudishia. Sikiliza mota inaposogeza fokasi, isikwaruze. Zungusha zumu mwanzo mpaka mwisho. Kisha piga ukuta wa matofali kwa f/8 ukiwa umenyooka nao, ukuze kona zote nne kwenye skrini: kona moja ikiwa na ukungu kuliko nyenzake, pengine lenzi hiyo imewahi kuanguka, iache hata bei ikishushwa vipi. Ukishaipata safi, itunze kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani, na uvibadilishe vikishalowa. Kofia ya kukinga jua, EW-73C, Canon hawaiweki kwenye boksi, kwa hiyo muuzaji akikwambia imepotea, pengine haijawahi kuwepo. Nimechukua ya kuiga, inafunga vizuri.