Laini ya 14 ya Metro ya Paris: ya kwanza kwa Orly, ila chunga tiketi

Tangu Juni 2024 Laini ya 14 inafika hadi ndani ya uwanja wa ndege wa Orly, na kwa anayetoka katikati ya Paris hakuna usafiri wa umma unaoishinda. Kutoka kituo cha Châtelet, katikati ya jiji, ni kama dakika 25. Kabla ya hapo, waliotumia treni walipanda RER B, treni ya mjini na vitongojini, hadi kituo cha Antony, kisha wakahamia Orlyval, treni ndogo ya kwenda uwanjani.

Kasi yake ina sababu. Vituo ni 21 tu katika takriban kilomita 28, na treni, zisizo na dereva, zina magurudumu ya mpira yanayoziwezesha kuondoka na kusimama haraka. Mfumo umeundwa ili treni ziweze kufuatana kwa sekunde 85 saa za msongamano. Basi ukikosa moja, tulia. Anayezuia mlango kwa begi anaumiza wengi: treni haiondoki mpaka milango ya mabehewa na ile ya vioo ukingoni mwa jukwaa ifungwe yote, na kwa kuwa nafasi kati ya treni ni finyu, treni ya nyuma hulazimika kupunguza mwendo au kusimama ndani ya handaki.

Kwenye tiketi ndiko wageni wengi wanakoumia. Kwa bei za mwaka 2025, safari ya kawaida ya metro ilikuwa yuro 2.50, lakini ya kwenda au kutoka Orly ilikuwa yuro 13. Tiketi ya kawaida haifai Orly hata kama ilikufungulia geti mjini. Ukikaguliwa utatozwa faini. Pasi ya siku, Navigo Jour, nayo haihusishi viwanja vya ndege. Ya wiki inakubalika, ila huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na ukiinunua kuanzia Ijumaa utapata ya wiki inayofuata. Kila abiria awe na kadi yake. Navigo Easy, kadi ya kujazia tiketi, haitumiki moja na watu wawili katika safari moja.

Vituo vyote vina lifti, jambo adimu mno kwenye metro hii kongwe. Kwa mwenye kiti cha magurudumu au mtoto kwenye kigari, hilo peke yake latosha kuichagua. Kwa uzuri, kituo cha Villejuif–Gustave Roussy, kilichofunguliwa Januari 2025 kwa usanifu wa Dominique Perrault, kinastahili kushukiwa: ni shimo la duara lenye kina cha karibu mita 50, na mwanga wa mchana unapenya hadi chini.

Udhaifu mkubwa ni mizigo. Asubuhi na jioni, kati ya Gare de Lyon na Saint-Lazare watu hubanana, na sanduku kubwa huziba njia. Laini hii pia haipiti Gare du Nord, kituo kikuu cha treni kaskazini mwa jiji: shuka Châtelet, uchukue RER B au D kuelekea kaskazini, ni kituo kimoja tu.