Toyota IST: Kwa Nini Bei Yake Haishuki Kirahisi, na Kodi Inahusikaje

Habari zenu watazamaji. Gari la leo hapa Tanzania halihitaji utambulisho: Toyota IST, ile ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007. Sitawaonyesha viti wala redio, mnavijua. Leo tunachambua pesa: unalipa nini likifika bandarini, linakupotezea nini ukiwa nalo, na unarudishiwa kiasi gani siku unaliuza. Na nianze na jibu kabisa. Bei ya IST mkononi haishikiliwi na Toyota peke yake. Imeshikiliwa na kodi.

Chukua kalamu. Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kujumlisha asilimia: forodha 25, injini 5, uchakavu 30, VAT 18, jumla 78. Halafu gari linashuka, bili inakuja, mtu anadhani ameibiwa. Hajaibiwa. Kodi hizi zinapandiana mgongoni: ushuru wa injini na wa uchakavu unahesabiwa juu ya forodha, na VAT juu ya zote.

Tuseme CIF yako, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli mpaka Dar es Salaam, ni dola 100. Ushuru wa forodha asilimia 25, tuko 125. Kuanzia hapa ushuru wa bidhaa unapigwa kwenye ile 125, siyo kwenye 100. Kwa injini ya kuanzia cc 1,001 mpaka 2,000 ni asilimia 5, unapata 6.25. Kisha ile ambayo mtaani tunaita kodi ya uchakavu: gari lililopita miaka 10 ni asilimia 30, yaani 37.50. Sasa umefika 168.75. VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya yote hayo, 30.38. Jumlisha kodi peke yake: 99.13.

Kwa maneno mengine, IST unainunua mara mbili, mara ya kwanza Japani na mara ya pili bandarini. Na hapo sijagusa tozo ya reli, ada ya forodha, usajili, gharama za bandari na pesa ya wakala. Hivyo vidogovidogo hubadilika na bajeti, na bajeti mpya huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo viangalie siku unayoagiza, usichukue vya rafiki yako wa mwaka juzi.

Mambo mawili ya kuzingatia hapo. Kwanza, kuna IST ya cc 1,298 na ya cc 1,496. Watu hukimbilia ndogo wakidhani wanakwepa kodi. Zote ziko kwenye kundi moja, asilimia 5 ileile. Gari linaloanza kukupa nafuu ni la cc 1,000 kushuka chini, hilo ushuru wa injini ni sifuri. Pili, umri una ngazi tatu. Gari lisilofika miaka 8 halina kodi ya uchakavu. Kuanzia 8 mpaka 10 ni asilimia 15. Likipita 10 ndiyo 30. Kwa injini ileile ya cc 1,500, kodi zako kwa kila dola 100 ni takriban 55 kwa gari changa, 77 kwa la katikati, na 99 kwa lililopita 10. Kila ngazi inakugonga dola 22.

Sasa ligeuze swali. Gari changa lingeweza kuwa ghali kiasi gani kule Japani na bado mkalingana hapa? Gawanya 199 kwa 155. Jibu ni kama asilimia 28. IST ya CIF dola 3,000 inakukalia dola 5,974 baada ya kodi. Gari lisilofika miaka 8 la CIF dola 3,850 linakukalia dola 5,963. Karibu sawasawa kabisa! Kabla hujaagiza IST, tafuta Vitz, Demio au Note isiyofika miaka 8 na ujiulize kama iko ndani ya hiyo asilimia 28. Mara nyingi haiwi, lakini ikiwa, hesabu imebadilika.

Tuje kwenye tathmini yenyewe, maana hapa ndipo bajeti za watu zinapasuka. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Unachagua kampuni, modeli, aina ya bodi, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, aina ya mafuta, na ukubwa wa injini. Kinakupa thamani ya CIF kwa dola, kisha kodi mojamoja, mwisho jumla kwa shilingi. Ile CIF ya kwenye mfumo ni ya TRA, siyo yako. Ukinunua gari kwa dola 2,200 kwenye mnada, na mfumo unasema gari hilo ni dola 3,000, usitegemee kulipia 2,200. Kodi ya 2,200 ni dola 2,181, ya 3,000 ni dola 2,974. Hiyo tofauti ya dola 793 ndiyo inayofanya magari yalale bandarini huku gharama za kuhifadhi zikihesabiwa. Bei nzuri ya mnada haikusaidii sana kama mfumo hauitambui.

Kinachokosewa zaidi kwenye kikokotoo ni mwaka. Wauzaji wengi wa Japani wanaandika mwaka wa usajili wa kwanza. Kikokotoo kinataka mwaka wa kutengenezwa. Gari limetoka kiwandani Novemba, likasajiliwa Februari: kwa muuzaji ni la mwaka mpya, kwa TRA ni la mwaka uliotangulia. Kwa IST ya 2005 haina shida, imeshapita 10 siku nyingi. Lakini kwa gari lililo mpakani mwa miaka 8 au 10, hiyo miezi michache ni ile ngazi ya asilimia 22. Mwombe muuzaji mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwa namba ya chesisi kabla ya kulipa. Na meli nayo ina neno lake: gari ulilolinunua Novemba likaingia kwenye tathmini Januari, limezeeka mwaka mzima likiwa baharini.

Angalia pia namba ya modeli. NCP60 ni ile ya cc 1,298. NCP61 ni cc 1,496 inayovuta magurudumu mawili. NCP65 ni cc 1,496 inayovuta magurudumu yote manne. Kwa maoni yangu NCP61 ndiyo ya kununua kama unafikiria kuuza. NCP65 ina propela na difu ya nyuma ya kutunza, inakula mafuta zaidi, na mnunuzi wa Dar es Salaam hakuongezei hata laki kwa hilo. Kama unaishi Lushoto au Njombe, hilo ni jambo jingine.

Haya, umeshalitoa. Sasa uchakavu wa kweli, ule wa sokoni.

Kwenye nchi gari linakotengenezwa, thamani hushuka kwa umri. Hapa gari lina umri wa aina mbili: mwaka wa kutengenezwa, na namba ya usajili. Herufi za kwenye kibao chetu zinakwenda kwa mfuatano, kwa hiyo mnunuzi akiona kibao anajua gari limekaa Tanzania muda gani. IST mbili, zote za 2005, moja namba C na nyingine namba E: zina umri uleule kiwandani, lakini ya E inauzwa ghali zaidi na inaondoka haraka. Mnunuzi anachokilipia ni miaka ambayo gari halijakanyaga barabara zetu. Kwa hiyo unapoliingiza gari, pigo kubwa la kwanza ni pale linapogeuka kutoka gari la yadi kuwa gari la mkononi. Baada ya hapo linashuka polepole, kila herufi inaposogea.

Na kwa nini haliporomoki? Kwa sababu mnunuzi wako ana chaguo moja tu la kulinganisha: kuagiza nyingine, na kuagiza kunamtaka alipe ile 99 kwa 100. Kodi imejenga sakafu. Sakafu hiyo lakini imewekwa kwenye dola. Gari la jumla ya dola 5,974 kwa dola ya shilingi 2,700 ni milioni 16.1. Kwa dola ya 2,400 ni milioni 14.3. Shilingi ikipata nguvu, gari lako lililopaki nyumbani limepoteza karibu milioni 1.8 bila kutembea hata kilomita moja. Serikali ikipunguza kodi ya uchakavu, itakuwa hivyohivyo.

Sasa yanayoshusha bei ya gari lenyewe. La kwanza kabisa, injini iliyobadilishwa. Fundi ameweka injini iliyotumika kutoka Gerezani, kule kwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam, gari linatembea vizuri, lakini namba ya injini haifanani na kadi. Siku ya kubadilisha umiliki hapo ndipo mnunuzi anakimbia au anakata bei. Ukibadilisha injini, tunza risiti na urekebishe kadi mapema. La pili, giaboksi. Kizazi hiki kina otomatiki ya gea nne inayotaka mafuta ya T-IV. Mtu akiweka mafuta yoyote ya giaboksi, inaanza kugonga inapoingia gea, na mnunuzi yeyote mwenye fundi ataligundua hilo kwenye raundi ya kwanza. Injini ya 1NZ, ile ya cc 1,496, inatumia cheni ya taimingi, siyo mkanda, kwa hiyo ukiambiwa "mkanda umebadilishwa juzi", jua muuzaji hajui gari lake. La tatu, rangi ya gari zima iliyopigwa upya. Hata kama hakukuwa na ajali, inasomeka kama ajali. Bampa lenye mkwaruzo lina heshima kuliko gari linalong'aa lote.

Kilomita za dashibodi usiziamini peke yake. Cheti cha kuuzia nje cha Japani huwa kinaonyesha usomaji wa kilomita wa ukaguzi. Muuzaji aliyekitunza ana haki ya kuomba bei ya juu, na mpeni.

Wenye kampuni, kwenu hesabu ni nyingine. Sheria ya kodi ya mapato inaweka magari madogo kwenye daraja la kwanza, uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Gari la milioni 20 linabaki 12.5, kisha 7.8, kisha milioni 4.9 mwisho wa mwaka wa tatu. Sokoni IST haishuki hivyo hata kidogo. Ukiliuza kwa milioni 10, na ndilo peke yake kwenye kundi hilo, ile milioni 5.1 ya ziada inarudi kwenye mapato yako. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 ni kama milioni 1.5. Watu huisahau hii, halafu wanamlaumu mhasibu.

Kwenye mauziano, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, pamoja na ada ya kuhamisha umiliki na kadi mpya. Usiandike bei ya uongo kwenye mkataba ili kuokoa elfu hamsini. TRA wanaweza kulithamini wenyewe, na siku mkigombana mahakamani, mkataba wako unasema gari ni la milioni 4. Muuzaji naye asikabidhi funguo akaacha jina lake kwenye kadi. Faini za barabarani na za maegesho zinafuata namba, na namba ina jina lako.

Mawili ya haraka. Gari lililoingia kwa msamaha wa kodi, kodi yake inaamka siku linapohamia kwa mtu asiye na msamaha. Uliza kabla ya kulipa, siyo baada. Na gari lenye namba za Zanzibar, bei yake nzuri ina sababu: ukilileta bara kulisajili, kuna tofauti ya kodi ya kulipa.

Ukitaka nikupigie hesabu ya gari lako, niandikie hapo chini vitu vitatu: mwaka wa kutengenezwa, cc, na CIF inayosomeka kwenye kikokotoo, siyo ile ya muuzaji.