Wasifu wa kutafuta mwenza: utaje cheo au ueleze kazi?

Tinder, programu ya simu ya kutafuta wenza, iliongeza sehemu ya kazi na elimu kwenye wasifu mwaka 2015, na wengi huijaza kwa cheo kitupu: "Mhasibu mwandamizi", "Mkurugenzi", "Nimejiajiri". Faida ipo. Ni fupi, na anayetaka mtu mwenye kipato cha uhakika hapotezi muda.

Ila cheo hakisemi mtu anaishije. Linganisha "Muuguzi" na hii: "Ni muuguzi wa wodi ya watoto. Nikitoka zamu ya usiku nalala hadi saa nane mchana, jioni nina muda wa kupiga soga." Hii ya pili inampa msomaji pa kuanzia mazungumzo, tena anajua mapema kama ratiba zenu zitapatana. Mimi naipendelea hii, bila kusita.

Tofauti inauma zaidi kwa asiye na ajira. "Sina kazi" peke yake inamfanya aonekane mdogo kuliko alivyo. Akiacha nafasi wazi, wapo watakaodhani anaficha jambo. Bora aseme ukweli kwa kueleza anachofanya: "Natafuta kazi ya ufundi umeme, kwa sasa namuuguza mama." Hajadanganya, na hajajidhalilisha.

Kwa njia yoyote, jina la mwajiri liache nje. Jina lako la kwanza, picha na mahali pa kazi vinaweza kumtosha mtu usiyemjua kukufuata hadi getini. Unayechati naye mwambie mkishafahamiana.