Nakala ya ukurasa wa kitabu cha sala, na fremu yake ya Majengo, Dodoma

Uchapaji ni mzuri. Pambizo ni za mtindo wa Ghent na Bruges, miji ya Ubelgiji ya leo, ulioshamiri kuanzia miaka ya 1470: maua na wadudu wamechorewa vivuli juu ya dhahabu, na yule nzi utadhani ametua sasa hivi. Kwenye kurasa halisi za mtindo huo, dhahabu ilikuwa unga uliopakwa kwa brashi. Wino wa njano wa nakala haung'ai hivyo.

Tatizo ni fremu. Kioo kimegusa picha. Mwambie fundi atenganishe kwa karatasi ngumu ya milimita 3, asipake gundi, na azibe nyuma kwa tepu, maana vumbi la kiangazi hapa hupenya popote.

Ukurasa halisi wa ngozi ya ndama usiutundike kabisa: hewa kavu huikunja ngozi, rangi ikabanduka.